MLIMA KENYA: NCHI NYINGI JUU YA MLIMA MMOJA

Watu wengi wamepata kuutazama Mlima Kenya asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika. Chini huonekana mashamba, juu yake msitu mweusi, na juu kabisa majabali na weupe wa barafu. Lakini si wengi wenye habari kwamba mtu apandaye kutoka nyika ya Isiolo hadi kileleni hupita katika hali nyingi za nchi. Kama angetaka kuziona hali hizo kwa kusafiri nchi kavu na baharini, ingemlazimu kwenda maelfu ya maili, kutoka Ikweta mpaka karibu na ncha ya dunia.

Wenye elimu ya viumbe huigawa dunia katika kanda kubwa kwa kufuata tabia ya nchi na mimea iotayo humo. Liko jangwa, ambako mvua ni haba mno. Ziko mbuga za nyasi na miti michache. Iko misitu minene ya nchi za joto na mvua, na misitu ya nchi za baridi. Mwisho ziko nchi zilizo karibu na ncha za dunia, ambako miti haiwezi kuota kwa sababu ya baridi. Katika kila ukanda viumbe wana maumbile na desturi zinazopatana na mahali pao. Mgunga wa nyika haustawi penye barafu, wala mwanzi wa mlimani haustawi jangwani. Mlima Kenya ni mfano mzuri wa jambo hili, maana kanda hizo zimepangwa juu yake mfano wa ngazi, moja juu ya nyingine.

KWA NINI JUU NI BARIDI

Huulizwa mara nyingi: ikiwa kilele ki karibu zaidi na jua, mbona kina baridi? Jibu ni kwamba jua huipasha moto ardhi zaidi kuliko hewa, na hewa hupata sehemu kubwa ya joto lake kutoka ardhini. Tena hewa ipandayo juu hutanuka, kwa kuwa uzito wa hewa iliyo juu yake umepungua, na hewa itanukayo hupoa. Kwa wastani, kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 na nusu hivi za kipimo cha Selsiasi. Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu, kina mita 5,199, yaani futi 17,057. Ndiyo sababu siku ile ile watu wa Isiolo wanapotafuta kivuli, maji ya vidimbwi vya juu mlimani yaweza kuwa yameganda.

Mvua nayo haikugawanywa sawasawa. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huugonga mlima upande wa mashariki na kusini. Hapo hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Kwa hiyo ziko sehemu za upande huo zipatazo zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hali upande wa kaskazini, uliojificha nyuma ya mlima, hupata chini ya nusu ya kiasi hicho.

Mtu mmoja aliyeueleza mpango huu wa ngazi mapema alikuwa Alexander von Humboldt, Mjerumani, ambaye mwaka 1802 alipanda mlima Chimborazo katika nchi ya Ecuador, Amerika ya Kusini. Aliona kwamba mimea hubadilika kwa kadiri mtu apandavyo, kama inavyobadilika kwa kadiri mtu aendavyo mbali na Ikweta. Maneno yake ni ya kweli, ila liko jambo moja kubwa ambalo ndani yake mlima wa Ikweta haufanani na nchi za kaskazini. Jambo hilo litaelezwa mbele.

CHINI: NYIKA YA JUA KALI

Kaskazini ya mlima nchi hushuka hadi nyika za Isiolo na Samburu, na mbele zaidi, katika Marsabit, liko jangwa la Chalbi. Huko adui wa kila kiumbe ni jua na ukosefu wa maji.

Mgunga una majani madogo sana ili jua lisipate nafasi kubwa ya kuyakausha, na ukame uzidipo huyaangusha yote. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta unyevu, na miiba huyalinda majani machache yaliyopo.

Ngamia hana tangi la maji mgongoni, kama watu wengi wadhanivyo. Nundu yake ni mafuta, akiba ya chakula. Siri yake ni nyingine. Mchana huuacha mwili wake upate joto kidogo kidogo bila kutoa jasho, na usiku joto hilo humtoka. Aweza kupoteza robo ya uzito wake kwa kukosa maji na asife, jambo ambalo lingemwua mwanadamu. Akifika kisimani, hunywa lita 100 au zaidi kwa muda wa dakika chache tu.

Choroa humshinda hata ngamia. Katika miaka ya 1960 bingwa mmoja kutoka Marekani, C. R. Taylor, aliwachunguza choroa huko Muguga, karibu na Nairobi. Aligundua kwamba mwili wa choroa waweza kupata joto la digrii 45 bila kumdhuru. Damu iendayo kwenye ubongo hupozwa kwanza karibu na pua, ambamo hewa ya pumzi hupita, na kwa njia hiyo kichwa hakipatwi na joto lote la mwili. Tena Taylor alionyesha kwamba majani ya vichaka fulani, ambayo mchana ni makavu kabisa, usiku hunyonya unyevu wa hewa. Mnyama alaye majani hayo usiku hupata chakula na maji kwa pamoja. Wafugaji wapelekao mifugo malishoni kabla ya jua kuchomoza watalifahamu jambo hili kwa urahisi.

LAIKIPIA: MTI NA ASKARI WAKE

Msafiri akipanda kutoka nyika hufika katika uwanda wa Laikipia. Hapa huota mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi vilivyo na matundu. Upepo uvumapo, vinundu hivyo hulia kama mluzi. Ndani yake hukaa sisimizi. Mti huwapa nyumba na utomvu mtamu, nao huulinda: ndovu au twiga akigusa tawi, hutoka kwa maelfu na kumwuma midomoni na puani. Ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, aghalabu huuacha mti huo akatafuta mwingine.

Mapatano haya ni ya zamani sana, lakini katika miaka hii yameanza kuvunjika. Sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, walioletwa pamoja na mizigo ya watu kutoka ng'ambo, wameingia Laikipia. Huwaua wale wenyeji, na wao wenyewe hawaulindi mti. Uchunguzi uliofanywa katika hifadhi ya Ol Pejeta, na habari zake kutangazwa mwaka 2024, ulionyesha matokeo yake. Ndovu waliivunja miti iliyokosa ulinzi, na nchi ikabaki wazi. Simba, ambaye hutegemea vichaka ili kumvizia punda milia, hakuwa tena na mahali pa kujificha. Mwaka 2003 punda milia walikuwa theluthi mbili hivi ya wanyama waliouawa na simba hapo; kufika mwaka 2020 walikuwa wamepungua hadi kiasi cha asilimia 42, na simba walikuwa wamegeukia nyati, ambao ni hatari zaidi kuwawinda. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele ameubadilisha mlo wa mfalme wa mbuga.

MSITU NA MIANZI

Juu ya mashamba huanza msitu. Katika upande mkavu huota mitarakwa na mizeituni ya mwitu, na katika upande wa mvua mkulo, mti mkubwa wenye harufu ya kafuri. Ndani ya msitu maji si shida. Shida ni mwanga. Kila mti hushindana na jirani yake kulifikia jua, na mimea itambaayo hupanda juu ya migongo ya miti ili nayo ipate sehemu yake.

Mbega ni mwenyeji halisi wa mahali hapa. Huishi juu mitini na hula majani, na tumbo lake lina vyumba kadhaa ambamo majani magumu huvundikwa na kusagika polepole. Hana kidole gumba cha kutumika, hivyo mkono wake ni kama kulabu ya kushikia matawi. Manyoya yake marefu humkinga na baridi na mvua. Chini, penye giza la vichaka, hukaa bongo, paa mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe ambayo hufanana na miale ya jua ipenyayo majanini. Bongo wa milimani wamebaki Kenya peke yake, na wale walio porini hukadiriwa kuwa chini ya mia moja. Mwaka 2004 bongo 18 waliletwa Nanyuki kutoka bustani za wanyama za Marekani ili kizazi chao kipate kurudishwa mlimani.

Juu zaidi, hasa upande wa mvua, liko eneo la mianzi. Mwanzi hasa ni jamii ya nyasi, nao hukua kwa upesi wa ajabu. Baada ya miaka mingi hutoa maua mara moja, huangusha mbegu, kisha hufa. Mianzi ikipita, miti huwa mifupi na hujaa kuvu za kijani zining'iniazo mfano wa ndevu za wazee. Mimea hiyo hunyonya maji kutoka katika ukungu wenyewe.

JUU: KIANGAZI MCHANA, BARIDI USIKU

Kupita mita 3,500 hivi, miti ya kawaida hukoma. Hapa ndipo lilipo lile jambo kubwa lililotajwa. Katika nchi za kaskazini ya dunia baridi huja kwa majira. Hukaa miezi mingi, kisha huondoka. Kwa hiyo miti ya huko huangusha majani na kungoja, na wanyama wengine hulala mapangoni hadi theluji iyeyuke. Lakini juu ya Mlima Kenya, kwa kuwa u karibu na Ikweta, miezi yote hulingana. Mchana jua huchoma, na usiku maji huganda, karibu kila siku ya mwaka. Kiumbe wa hapa hawezi kulala miezi sita. Hana budi kujikinga usiku na kufanya kazi mchana, kila siku ya maisha yake.

Mmea uitwao Dendrosenecio na wenye elimu hufanya hivyo. Ni kama nguzo nene, mara nyingine ndefu kumpita mtu mara mbili au tatu, yenye majani makubwa kichwani mfano wa kabichi. Jioni majani hayo hujikunja kuelekea ndani na kukifunika kichipukizi, kisha asubuhi hufunguka. Majani yaliyokufa hayaanguki. Hubaki yameizunguka nguzo kama blanketi, ili maji yaliyo ndani yasigande. Asubuhi jua litokapo, maji hayo huwa tayari kupanda majanini.

Lobelia keniensis, iliyo fupi, hutumia njia nyingine. Majani yake yamepangwa kama bakuli, na bakuli hilo hujaa maji. Usiku juu ya maji hutanda barafu nyembamba, lakini chini yake maji hayagandi, nacho kichipukizi hukaa salama ndani. Jamaa yake, Lobelia telekii, iliyopewa jina la Teleki, msafiri aliyefika mlimani mwaka 1887, huyaficha maua yake katika manyoya marefu ya kijivu. Ndege aitwaye chozi, mwenye mdomo mrefu uliopinda, hujipenyeza katika manyoya hayo kunywa asali ya maua, naye huchukua chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine.

Katikati ya majabali hukaa pimbi. Huyu ni mnene na mwenye manyoya mazito kuliko ndugu zake wa nchi za chini. Usiku pimbi hulala wamebanana ndani ya mianya ya mawe, na asubuhi hutoka wote kuota jua kabla ya kwenda kula. Aionaye desturi hiyo aweza kudhani ni uvivu, kumbe ndiyo imwezeshayo kuishi penye baridi bila kumaliza chakula cha mwili wake.

VIUMBE WALIPATAJE MAUMBILE HAYA

Pimbi hakuamua kuwa na manyoya mazito, wala mgunga haukuchagua kuwa na majani madogo. Katika kila kizazi watoto hawalingani kabisa; mmoja ana manyoya mazito kidogo kuliko mwenzake. Penye baridi, huyo ndiye ambaye huelekea kupona na kuzaa, na watoto wake humrithi. Mambo hayo yakirudiwa kwa maelfu ya vizazi, hali ya mahali huacha alama yake katika kila mwili. Mkulima achaguaye mbegu ya mahindi kutoka mashuke mazuri kila mwaka afanya kazi ya namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba porini mwenye kuchagua ni baridi, jua na njaa.

Kwa hiyo kazi hii huhitaji muda mrefu. Hali ya nchi ikibadilika polepole, viumbe huweza kubadilika nayo, au kuhama. Ikibadilika upesi, wengi hawawezi.

HATARI ILIYOPO

Mwisho wa karne ya 19 Mlima Kenya ulikuwa na mito ya barafu 18. Mingi imepungua sana, na mingine imetoweka kabisa. Mto wa barafu uitwao Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulipoteza sehemu tisa katika kumi za barafu yake kati ya mwaka 1934 na mwaka 2010. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu zilizobaki katika Afrika, za Kilimanjaro na Mlima Kenya pia, zilitazamiwa kutoweka kufika mwaka 2050.

Yafaa jambo hili lifahamike vizuri. Maji ya Tana na Ewaso Nyiro hayategemei hasa barafu hiyo, ambayo ni kidogo. Hutegemea mvua, msitu na ardhi yenye majimaji ya juu mlimani, ambavyo huyapokea maji na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Lakini kuyeyuka kwa barafu ni ishara kwamba joto linapanda, na joto likipanda kila ukanda husukumwa juu. Mmea wa msituni waweza kupata nafasi juu kidogo. Je, mmea wa karibu na kilele utakwenda wapi? Juu ya mlima hakuna mlima mwingine. Mimea kama Dendrosenecio ya Mlima Kenya, ambayo haipatikani mbali na milima hii, ikikosa mahali hapa haina pa kukimbilia.

Tena hatari nyingine hutoka mikononi mwa watu. Mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa kwa ndege ulionyesha kwamba maelfu ya miti, mikulo hasa, ilikuwa imekatwa kinyume cha sheria, na tanuri za makaa zilikuwa nyingi. Mwaka uliofuata msitu uliwekwa chini ya ulinzi wa Shirika la Wanyamapori. Mwezi wa Machi mwaka 2012 moto mkubwa uliteketeza sehemu za mbuga ya juu. Mimea iliyojivika majani makavu ili kujikinga na baridi huwaka upesi, na kwa kuwa hukua polepole sana, pengo la moto hukaa miaka mingi.

YAFAAYO KUFANYWA

Mwenye shamba karibu na mlima asilime mpaka ukingoni mwa mto, bali aache ukanda wa miti na nyasi. Asipande mikalitusi karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Miti ya kienyeji ndiyo ifaayo hapo. Mrina asali na mchoma makaa wakumbuke kwamba moto wa kiangazi hauna bwana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwapa wananchi ruhusa ya kuunda vyama vya kushirikiana na Serikali katika kutunza misitu, na vyama vya namna hiyo viko pande zote za mlima. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, alianzisha chama chake cha kupanda miti mwaka 1977 pamoja na akina mama wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Anayekaa mbali asidhani kwamba habari hizi hazimhusu. Maji ya mlimani huingia katika Tana na kuzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha hunywesha mashamba na mifugo hadi pwani. Upande wa pili, Ewaso Nyiro huyapeleka maji kwa wafugaji wa Isiolo na Samburu. Choroa aweza kuishi kwa umande wa majani. Ng'ombe na binadamu hawawezi.

MASWALI KWA WASOMAJI NA SHULE

1. Kwa nini hewa hupoa kwa kadiri inavyopanda juu?
2. Ni kwa njia gani ngamia na choroa huokoa maji ya miili yao?
3. Eleza jinsi sisimizi wageni walivyombadilishia simba windo lake.
4. Baridi ya juu ya Mlima Kenya yatofautianaje na baridi ya nchi za kaskazini ya dunia, na mimea hujikingaje nayo?
5. Taja mti mmoja wa kienyeji uotao karibu na kwenu. Una umbo gani lipatanalo na mvua na joto la mahali hapo?